Njia za Shaba: Historia ya Ufundi wa Kuchora Bodi za Saketi

Ndani ya redio, simu, rimoti ya televisheni na mita ya umeme ya LUKU mna ubao mwembamba wenye mistari ya shaba inayopinda na kupishana kati ya vifaa vidogo. Mafundi huuita bodi. Kazi zake ni mbili: kushika vifaa visicheze, na kupitisha umeme kutoka kifaa hadi kifaa bila waya. Ubao wenyewe haupitishi umeme. Kinachopitisha ni shaba iliyogandishwa juu yake, ambayo kwa kawaida ina unene wa takriban mikromita 35, pungufu ya unywele wa kawaida.

Kuchora njia hizo za shaba ni ufundi unaojitegemea, na una historia yake. Anayeanza kujifunza leo hukutana mapema na mambo yanayofanana na amri zisizo na sababu: miguu ya vifaa iliyoachana kwa milimita 2.54, shaba inayopimwa kwa wakia, faili zinazoitwa Gerber, upande wa chini wa bodi unaochorwa kana kwamba unatazamwa kutoka juu. Kila moja ya amri hizo iliachwa na kizazi fulani cha mafundi, na hueleweka upesi zaidi ikijulikana ilikotoka.

Enzi ya waya

Redio za miaka ya 1920 na 1930 zilijengwa juu ya sahani ya chuma. Valvu zilisimama juu yake, na chini yake waya zilikatwa, zikapindwa na kulehemiwa moja moja kwa mkono. Viwandani kazi hiyo ilifanywa na safu za wafanyakazi, wengi wao wanawake, na kiungo kimoja kilichosahauliwa kiliweza kuinyamazisha redio nzima. Mhandisi alichora mchoro wa saketi tu, yaani kipi kiungane na kipi. Waya ipite wapi, hilo liliamuliwa na mikono ya mfungaji.

Wazo la kuziweka njia za umeme juu ya ubao lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1903 Mjerumani Albert Hanson aliomba hataza Uingereza ya kubandika vipande bapa vya metali kwenye kitu kisichopitisha umeme, hata kwa tabaka zaidi ya moja. Mwaka 1925 Mmarekani Charles Ducas alipata hataza ya kupaka wino unaopitisha umeme kwa kutumia karatasi iliyotobolewa umbo la njia. Wote wawili walianza na ubao mtupu wakaongeza metali pale ilipohitajika. Hakuna kati ya mbinu hizo iliyoenea viwandani.

Mhandisi aliyefikiri kama mchapaji

Paul Eisler alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1907. Alihitimu uhandisi, lakini akiwa Myahudi alipata shida kuajiriwa katika taaluma yake, na kwa muda alifanya kazi kwenye uchapaji wa magazeti. Mwaka 1936 alihamia London. Akiwa katika nyumba ya kupanga eneo la Hampstead alitengeneza redio ambayo waya zake zilikuwa njia za shaba zilizochapwa juu ya ubao.

Alichokuja nacho kutoka kwa wachapaji ni kugeuza kazi juu chini. Badala ya kuongeza shaba mahali inapotakiwa, alianza na foili ya shaba iliyofunika ubao wote. Juu yake alichapa mchoro wa njia kwa wino usioliwa na dawa, kisha akaizamisha bodi kwenye kemikali inayokula shaba. Palipofunikwa na wino palibaki, palipokuwa wazi paliliwa. Mchoro mmoja uliweza kuchapwa mara elfu, na kila nakala ikawa sawa na ya kwanza, kama ukurasa wa gazeti.

Wenye viwanda hawakumkimbilia. Hesabu zao zilionyesha kuwa mikono ya wafungaji waya ilikuwa rahisi kulipia na rahisi kubadilisha kazi. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Waingereza walimweka kizuizini mwaka 1940 kama raia wa nchi adui, ingawa alikuwa amewakimbia Wanazi. Alipoachiwa alipata nafasi katika kampuni ya uchapaji ya Henderson and Spalding jijini London, na mwaka 1943 akawasilisha ombi la hataza ya mbinu yake.

Upande wa Marekani, vita vilileta saketi zilizochapwa kwa rangi ya fedha juu ya vigae vya kauri. Zilitumika kwenye fyuzi zenye redio ndogo iliyolipua kombora likikaribia shabaha, mahali ambapo waya za kawaida zisingepata nafasi wala kustahimili mshtuko. Baada ya vita, mwaka 1948, teknolojia hiyo iliruhusiwa kutumika katika biashara.

Pengo la mwisho lilizibwa na wahandisi wawili wa kitengo cha mawasiliano cha Jeshi la Marekani, Moe Abramson na Stanislaus Danko, mwaka 1949. Walitoboa bodi, wakapitisha miguu ya vifaa kwenye matundu, kisha wakachovya upande wa shaba kwenye risasi ya kulehemia iliyoyeyushwa. Viungo vyote vililehemiwa kwa pigo moja. Tangu hapo mfungaji hakuwa na la kuamua kuhusu njia ya umeme, kwa kuwa uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa kwenye mchoro. Kazi mpya ikazaliwa, ya mchora bodi.

Tepu nyeusi juu ya meza ya mwanga

Kwa miaka ya 1960 na 1970 mchora bodi alifanya kazi juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Alitandika karatasi ya plastiki angavu isiyotanuka wala kusinyaa, na chini yake karatasi yenye miraba midogo. Alibandika vibandiko vya mviringo mahali pa kila mguu wa kifaa, kisha akaviunganisha kwa tepu nyeusi nyembamba, akiikata kwa kisu chenye ncha. Tepu hiyo ilikuwa na mikunjo midogo iliyoiwezesha kupinda bila kukatika, na ndiyo maana njia za shaba katika bodi nyingi za zamani zinapita kwa mapindo laini kama mito.

Kazi ilifanywa kwa ukubwa wa mara 2 au mara 4 ya bodi halisi. Ilipopigwa picha na kupunguzwa, kosa la mkono nalo lilipungua. Kwa bodi ya pande mbili, baadhi ya wachoraji walitumia tepu nyekundu kwa upande mmoja na ya bluu kwa mwingine kwenye karatasi ileile, na kamera ikazitenganisha kwa vichujio vya rangi. Mchoraji aliziona pande zote mbili kutoka juu, na programu za leo zinaendelea kuonyesha hivyohivyo. Mwanafunzi anayeona maandishi ya upande wa chini yamegeuka kinyume kwenye skrini anatazama kama alivyotazama fundi wa meza ya mwanga.

Vipimo vya milimita 2.54 navyo ni vya enzi hiyo. Hiyo ni sehemu ya kumi ya inchi, nafasi kati ya miguu ya chipu za safu mbili zilizobuniwa katika kampuni ya Fairchild mwaka 1964. Wakia ni kipimo cha biashara ya foili: wakia moja ya shaba ikitandazwa juu ya futi moja ya mraba hutoa unene ule wa takriban mikromita 35. Ubao wenyewe ulibadilika pia. Bodi za kahawia za karatasi iliyoloweshwa gundi ya fenoli, ambazo bado huonekana ndani ya redio na rimoti za bei nafuu, zilianza kupisha kitambaa cha nyuzi za kioo chenye gundi ya epoksi. Aina hiyo huitwa FR-4, na ndiyo ya kawaida hadi leo, mara nyingi kwa unene wa milimita 1.6.

Kazi ya tepu ilidai subira. Steve Wozniak wa Apple aliposanifu kadi ya kuendeshea diski iliyotoka mwaka 1978, aliamua kuichora bodi yake mwenyewe badala ya kumwachia mchoraji. Alipokaribia kumaliza aligundua kuwa akibadilisha mpangilio kidogo atapunguza matundu yanayovusha njia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alibandua kazi yote akaanza upya. Kila tundu lililoondolewa lilikuwa ni kazi iliyopungua kiwandani, na bodi ikawa safi zaidi.

Mwanga unaochora

Jina la faili za bodi zinazopelekwa kiwandani ni la mtu mwingine wa Vienna. Joseph Gerber, Myahudi aliyezaliwa huko mwaka 1924, aliwakimbia Wanazi na kufika Marekani mwaka 1940. Akiwa mwanafunzi wa uhandisi alitumia mpira wa suruali yake ya kulalia kutengeneza rula inayovutika, yenye kurahisisha hesabu za michoro. Kifaa hicho kilimwanzishia kampuni katika jimbo la Connecticut.

Katika miaka ya 1960 kampuni yake ilitengeneza mashine iliyochora juu ya filamu kwa mwanga. Mwanga ulipita kwenye tundu lenye umbo lililochaguliwa, na mashine ikausogeza juu ya filamu kufuata amri za namba. Lugha ya amri hizo ndiyo muundo wa Gerber. Mwanafunzi anayeifungua faili ya Gerber kwa programu ya kawaida ya maandishi ataziona amri zilezile: D01 huchora mwanga ukiwa umewashwa, D02 husogea ukiwa umezimwa, D03 humulika mara moja mahali pa pedi, yaani kipande cha shaba cha kulehemia mguu wa kifaa. Mashine za kwanza zimekwisha kustaafu, lakini viwanda vya dunia nzima bado vinapokea bodi kwa lugha hiyo.

Programu zaingia

Kompyuta ilikuwa imeanza kutafuta njia mapema. Mwaka 1961 C. Y. Lee wa Bell Labs alichapisha mbinu ya kuunganisha nukta mbili kwenye uwanja wa miraba. Kompyuta huanza na mraba wa kwanza, huipa namba 1 miraba ya jirani, namba 2 inayofuata, na kuendelea hivyo kama maji yanavyotapakaa sakafuni, hadi ifike kwenye nukta ya pili. Kisha hurudi nyuma kwa kufuata namba zinazopungua. Njia ikiwepo, iliyo fupi zaidi hupatikana.

Kompyuta za wakati huo zilikuwa mali ya makampuni makubwa na majeshi. Ujio wa kompyuta za mezani ulileta mageuzi. Protel ilianzishwa Tasmania, Australia, mwaka 1985, na baadaye ikawa Altium. Mwaka 1988 kampuni ya CadSoft ya Ujerumani ilitoa EAGLE, iliyokuja kuwa shule ya wanafunzi wengi kwa sababu ya toleo lake la bure, ingawa liliruhusu bodi isiyozidi milimita 100 kwa 80. Bodi ya kujifunzia ya Arduino, iliyozaliwa mwaka 2005 katika chuo cha Ivrea, Italia, ilichorwa kwa EAGLE na faili zake zikatolewa hadharani. Wanaoanza wakapata bodi halisi ya kuifungua, kuisoma na kuibadilisha.

Mwaka 1992 Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo huko Grenoble, Ufaransa, alianza kuandika programu huria ya KiCad. Kwa miaka mingi ilijulikana na wachache. Mwaka 2013 wahandisi wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, walianza kuichangia, na wakaipa uwezo wa kusukuma njia zilizokwisha chorwa ili mpya ipite. Mwaka 2016 EAGLE ilinunuliwa na Autodesk, na mwaka 2023 ikatangazwa kuwa itasitishwa Juni 2026. Wanafunzi wengi wamehamia KiCad, ambayo haina malipo wala kikomo cha ukubwa wa bodi.

Bodi ya kwanza ya mwanafunzi

Kutengeneza bodi nyumbani kulikuwa kazi ya jikoni. Mchoro ulichapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi inayong'aa, ukapigwa pasi juu ya shaba ili wino ushike, kisha bodi ikazamishwa kwenye feriki kloridi, dawa ya kahawia inayoacha madoa yasiyotoka kwenye nguo. Ni mbinu ya Eisler ileile, kwa vyombo vya nyumbani. Baadaye viwanda vya Shenzhen, China, na vingine vilianza kupanga michoro ya wateja wengi kwenye bamba moja kubwa la shaba. Gharama ikagawanywa, na bodi ndogo 5 zikaweza kuagizwa kwa dola chache pamoja na gharama ya usafiri. Mchoraji na kiwanda hawahitaji tena kuwa nchi moja. Kwa mfano, kifaa cha intaneti cha BRCK, kilichotangazwa mwaka 2013, kilisanifiwa Nairobi.

Hatua za kujifunza zimebaki zilezile. Kwanza ni mchoro wa saketi. Kwa anayeanza hutosha betri, rezista, chipu ya 555 ya kupimia muda na taa ndogo inayowaka na kuzima. Pili, kila kifaa huchaguliwa ramani ya miguu yake, yaani umbo la pedi zitakazokipokea. Tatu ni kupanga vifaa, na hapa ndipo penye uzito. Kapasita ya kutuliza umeme huwekwa karibu kabisa na mguu wa umeme wa chipu, viunganishi hukaa ukingoni, na vifaa vinavyowasiliana sana husogezwa pamoja. Vifaa vikipangwa vizuri, njia hujichora kwa urahisi. Vikipangwa vibaya, zitasongamana. Nne ni kuchora njia, zile za umeme mwingi zikiwa pana zaidi, na nafasi iliyobaki hujazwa shaba ya ethi. Tano, programu hukagua kama kuna njia zilizokaribiana mno au viungo vilivyosahauliwa. Mwisho hutolewa faili za Gerber na za matundu.

Ukaguzi wa programu hauoni kila kitu. Hautambui kuwa ramani ya miguu iliyochaguliwa ni ya kifaa kikubwa kuliko kilichonunuliwa, wala kuwa miguu ya transista imepangwa kinyume, na hayo ni makosa ya kawaida ya bodi ya kwanza. Kwa hiyo mafundi huwafundisha wanaoanza kuchapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, kuuweka mezani, na kusimamisha kila kifaa juu ya alama zake kabla ya kutuma oda. Mguu usiolingana na pedi huonekana hapohapo, wakati bado ni karatasi.