Injini imefungwa upya, gia zinagoma: tatizo liko wapi?

Pikipiki ya bodaboda imeshushwa injini. Pistoni mpya, ringi mpya, beringi za krenki mpya. Jioni fundi amemaliza kufunga, lakini ukiisukuma ikiwa nyutro tairi la nyuma linazunguka kwa kung'ang'ania, na gia nyingine haziingii kabisa. Dereva ana hesabu ya tajiri inayomsubiri. Hapo ndipo mtu kijiweni husema: “Iwashe tu, itajilainisha yenyewe barabarani.”

Ushauri huo ni wa hatari. Katika makala haya tunaeleza kwa nini gia hugoma baada ya injini kufungwa upya, na namna ya kulitafuta tatizo kwa mpangilio.

Kwa nini jana zilikuwa nzima?

Katika pikipiki nyingi za sisi 125 hadi 150, krenki na gia hukaa ndani ya kasha moja lililogawanyika nusu mbili. Huwezi kubadilisha beringi za krenki bila kulitenganisha kasha hilo, na ukilitenganisha umezigusa pia gia ambazo hazikuwa na ubovu wowote. Kwa hiyo gia zilizokuwa nzima jana zikigoma leo, shuku ufungaji kwanza. Usikimbilie kununua gia mpya.

Je, zimekwama kweli?

Gia za pikipiki huwa zimeshikana muda wote. Unapokanyaga gia, kinachotokea ni gia moja kusogea pembeni ili meno yake ya ubavuni yaingie kwenye matundu ya jirani yake. Shafti zikiwa zimesimama, meno na matundu yanaweza yasilingane, na gia isiingie. Hilo si kosa. Zungusha sproketi ya mbele kwa mkono huku ukibadilisha gia taratibu. Zikiingia zote moja baada ya nyingine, gia zako ni nzima.

Angalia pia klachi. Sahani za klachi zikifungwa bila kulowekwa oili hugandana, na waya ukikazwa kupita kiasi au kulegezwa mno huleta taabu. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mkono wa klachi unatakiwa kucheza kama milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla ya kuanza kuvuta. Pikipiki inayojivuta mbele hata ukiwa umeshika klachi, au isiyokubali nyutro injini ikiwaka, mara nyingi ina shida ya klachi.

Legeza, usikaze

Kama shafti bado ni nzito, fuata njia hii: legeza kimoja kimoja na upime kwa mkono kila mara.

Anza na nati ya katikati ya klachi. Ukiilegeza na shafti ikawa nyepesi, kuna washa au bushi iliyosahaulika au kugeuzwa upande wa klachi. Fanya hivyohivyo na sproketi ya mbele.

Kisha legeza bolti za kasha, kila moja nusu mzunguko. Shafti zikilegea, maana yake nusu mbili za kasha zinazibana gia kutoka pembeni. Sababu za kawaida ni hizi:

Washa iliyohama. Kasha linapofunguliwa, washa nyembamba hunata ukutani kwa oili, kisha huanguka. Ikirudishwa mahali pasipo pake, upande mmoja unabana na mwingine unacheza.

Gasketi isiyo yake. Unene wa gasketi ni sehemu ya nafasi ambayo shafti zinahitaji. Ukiitupa na kupaka silikoni peke yake kwenye injini iliyoundwa kwa gasketi, nafasi hiyo inapungua.

Beringi isiyokaa hadi mwisho. Uchafu kidogo chini ya beringi, au beringi iliyogongwa ikaenda upande, inatosha kuisukuma shafti.

Zikibaki nzito hata bolti zikiwa zimelegea, angalia foki za gia, vile vyuma vyenye umbo la uma vinavyosogeza gia. Nyingi zina alama ya upande wake. Zikibadilishana nafasi au kugeuzwa, gia mbili zinaweza kuingia kwa wakati mmoja, na shafti zikafunga kabisa.

Namna ya kuepuka yote haya

Nusu mbili za kasha zinapaswa kukutana kwa kusukumwa kwa mikono au kugongwa kidogo kwa nyundo ya mpira. Zikiacha mwanya, simama. Fundi anayezivuta kwa bolti anaweza kupasua kasha au kupindisha krenki. Baada ya kuzikutanisha, kaza bolti kwa kukingamana, kidogo kidogo, huku ukizungusha krenki na shafti. Pale zinapoanza kuwa nzito, umejua ni hatua ipi iliyoleta tatizo. Jaribu gia zote kabla ya kurudisha klachi na silinda, kwa sababu kufungua tena wakati huo ni kazi ndogo.

Kwa nini isitoke hivyohivyo

Injini ikishika kwenye pistoni, dereva mwepesi anaweza kukamata klachi na tairi likaendelea kuzunguka. Gia zikifunga, klachi haimsaidii, kwa sababu gia ziko baada ya klachi, upande wa tairi. Tairi la nyuma linasimama ghafla, na dereva na abiria wake wanaweza kutupwa barabarani. Gia ngumu haijilainishi. Inakula chuma, na vipande vya chuma vinazunguka na oili hadi kwenye beringi mpya ulizonunua.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa fedha ya ufundi, mwenye pikipiki aombe mambo mawili: aisukume mwenyewe ikiwa nyutro, na aone gia zote zikiingia tairi la nyuma likiwa limeinuliwa. Fundi mzuri hatachukia. Na kama lazima kasha lifunguliwe tena, gasketi nyingine na siku moja bila hesabu ni hasara ndogo kuliko ajali.