Uzazi wa mimea angani

Uzazi wa mimea angani ni hatua za kuchanua, kuchavushwa na kuzaa mbegu kwa mimea inayokuzwa ndani ya vyombo vya angani, ambako vitu huelea kana kwamba havina uzito. Suala hili ni muhimu kwa safari ndefu, kama ile ya kwenda Mirihi, kwa sababu wanaanga wasioweza kuvuna mbegu watategemea tu akiba waliyoichukua kutoka Dunia.

Majaribio ya kwanza

Mwaka 1982 Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamaa ya kabichi, ulichanua na kuzaa mbegu katika kituo cha Kisovyeti cha Salyut 7. Ulikuwa mmea wa kwanza kufanya hivyo angani. Hata hivyo majaribio mengi ya miaka ile hayakufaulu, ikadhaniwa kwamba mimea haiwezi kuzaa vizuri pasipo graviti.

Tatizo la hewa

Duniani hewa ya moto hupanda na ya baridi hushuka, hivyo hewa inayouzunguka mmea hubadilika daima. Angani mwendo huo haupo. Jani humaliza dioksidi kabonia iliyo karibu nalo, na mvuke hubaki palepale.

Jambo hili lilionekana katika majaribio matatu ya Arabidopsis ndani ya vyombo vya Marekani:
- Januari 1993: mimea ilifungiwa katika vyumba visivyopitisha hewa, chavua na ovuli zilikufa zikiwa changa.
- Septemba 1993: iliongezewa dioksidi kabonia, chavua ilikuwa nzima, lakini vifuko vyake havikupasuka kuitoa.
- 1994: hewa ilipitishwa kwenye vyumba, mimea ilitungisha mbegu zenye viinitete vya kawaida.

Kwenye kituo cha Mir, ngano iliyopandwa mwaka 1996 ilitoa masuke bila punje. Kisababishi kilikuwa gesi ya ethilini iliyojikusanya katika hewa ya kituo. Aina nyingine ya ngano ilizaa punje huko mwaka 1999.

Kutoka mbegu hadi mbegu

Mwaka 1997 Brassica rapa, mmea unaofanana na haradali, ulizaa mbegu kwenye Mir, na mbegu hizo zilipandwa hukohuko zikaota. Kwa kuwa angani hakuna upepo wala wadudu, uchavushaji wake ulifanywa kwa mkono. Katika safari ya chombo Columbia mwaka huohuo, mwanaanga Leonid Kadenyuk wa Ukraine alitumia vijiti vilivyobandikwa nyuki wakavu. Mwaka 2022 mpunga ulizaa mbegu katika kituo cha China baada ya siku 120 hivi.

Mambo yanayobaki

Mbegu za Brassica zilizokomaa kwenye Mir zilikuwa na akiba duni ya chakula kuliko zile za Dunia. Kwa hiyo graviti si sharti la kuzaa, ila ubora wa mbegu bado huathirika. Tena vituo hivyo vyote vilizunguka karibu na Dunia, chini ya kinga ya uga sumaku wake. Mimea itakayosafirishwa hadi Mirihi itapatwa na mnururisho mkali zaidi, ambao unaweza kudhuru ADN ya chavua na mbegu.