Jicho Zima Lilivyookoa Jicho Bovu

Mdau, ushawahi kumuona mtu aliyerukiwa na chokaa au tindikali jichoni? Kioo cha jicho, yaani konea, kinakuwa cheupe kama maziwa.

Kupandikiza konea ya mtu mwingine kulianza tangu 1905. Ila kwa watu wa aina hii ilikuwa kazi bure, konea mpya nayo inaishia kufifia. Kumbe shida haikuwa kioo! Pale weusi wa jicho unapokutana na weupe kuna seli shina, ndizo zinazotengeneza ngozi mpya ya konea. Zikiungua zote, kidonda hakiponi vizuri.

1989 madaktari wa Marekani wakaeleza njia ya kukata vipande vya ukingo huo kwenye jicho zima na kuvishona kwenye jicho bovu. Safi, lakini jicho zima nalo likiharibika je?

1997 watafiti wa Italia wakaja na jibu. Walichukua kipande cha milimita moja au mbili tu, wakazikuza seli maabara mpaka zikawa utando, wakawawekea wagonjwa wawili. Zaidi ya miaka miwili baadaye, konea zao zilikuwa bado safi. 2010 yakatoka majibu ya wagonjwa 112, na kama asilimia 77 ya macho yalifanikiwa. 2015 Ulaya ikaidhinisha tiba hiyo.

Ila kama seli za macho yote mawili zimeungua kabisa, njia hii inagoma. Kwa hiyo mtu akirukiwa, mwoshe kwa maji mengi HAPO HAPO, ndipo mkimbilie hospitali.

Ulikuwa unajua hili? Tiririka hapo chini.