Siku za cgi-bin mjini Kakamega

Vijana ninaowafundisha Lurambi hucheka nikiwaambia kwamba zamani herufi moja isiyoonekana iliweza kuizima fomu nzima ya tovuti.

Awali seva ya wavuti ilijua kazi moja tu: uombe ukurasa, ikupe jinsi ulivyo. Mwaka 1993 Rob McCool na wenzake wa NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, wakaifanya tarishi. Ukiomba faili iliyo katika saraka ya cgi-bin, haikupi faili hiyo. Inaiamsha ifanye kazi, inaikabidhi uliyojaza kwenye fomu, kisha inakuletea jibu. Mpango huo ndio CGI.

Kakamega tuliupata kwa kuchelewa. Jambonet ya Telkom ilianza 1998, na siku hizo chuo cha WECO kikiwa bado hakijawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, saiba zetu zilitegemea laini ya simu. Tovuti tulizotengeneza zilikaa kwenye seva za Marekani. Mtu wa Amalemba akimwandikia jirani yake kupitia fomu, ujumbe ulivuka bahari mara mbili.

Nakumbuka nyumba ya wageni karibu na msitu iliyotaka fomu ya wanaokuja kutazama ndege. Tulichukua FormMail ya Matt Wright, programu ya Perl ambayo baadaye watuma barua taka waliipenda kuliko sisi. Mstari wa kwanza ulionyesha mahali Perl ilipo: #!/usr/bin/perl. Hapo ndipo ile herufi ilipojificha. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili, Unix kwa moja. Ukipandisha faili kwa FTP bila kuchagua hali ya maandishi, alama ya ziada inaganda kwenye jina la Perl, na seva inatafuta programu isiyokuwepo duniani. Ukishavuka hapo, unaweka ruhusa 755, ili wengine waisome na kuiendesha lakini wasiibadilishe. Tena lazima programu itangulize Content-Type na mstari mtupu kabla ya neno lolote. La sivyo, kosa 500, na sababu imeandikwa katika faili ambayo seva za bei rahisi hazikukuruhusu kuifungua.

CGI ilikuwa na ubaya wake: kila ombi liliamsha programu upya, na wageni wakiwa wengi seva ilielemewa. PHP iliyoishi ndani ya Apache ikatunyang'anya kazi. Waraka rasmi wa CGI, RFC 3875, ulitoka Oktoba 2004, sisi wenyewe tukiwa tumeshaanza kuhama.

Hao wanaocheka leo wanaandika huduma za menyu za simu, yaani USSD, kupitia jukwaa la Africa's Talking. Mteja akibonyeza, seva yao inapokea namba yake na alichochagua. Programu inajibu kwa maandishi matupu yanayoanza na CON kama mazungumzo yanaendelea, END kama yamekwisha. Na kwa kuwa kila ombi huja peke yake, chaguo zote tangu mwanzo hurudishwa zimeunganishwa kwa nyota: 1*2*1. Sisi tulizificha ndani ya fomu.