Meno 39 kwa 10: kisa cha difu ya Datsun 240Z

Leo tuache seva na programu kidogo, tuingie chini ya gari, kule nyuma, kwenye lile dude la chuma lililojaa oili ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka lianze kulia. Difu.

Jirani yetu, mzee mmoja mpenzi wa Safari Rally, anafufua Datsun 240Z. Wakubwa wetu wanalijua gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari nalo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta na Lofty Drews, tena kwa chupuchupu, maana walilingana kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS.

Gari la mzee lina giaboksi ya gia tano, ila difu yake iliharibika zamani. Akauziwa nyingine na kuambiwa ni 3.90. Haikuwa na kibandiko wala alama yoyote. Akaniita. "Kijana wa kompyuta, wewe umesomea hesabu. Njoo unihakikishie kabla sijaifunga."

Hiyo 3.90 ni nini? Ni kwamba propela inazunguka mara 3.9 ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba inatoka kwenye meno: krauni ina 39, pinioni ina 10. Gawanya.

Sasa historia yenyewe. 240Z haikuuzwa na difu moja katika nchi zote. Marekani, gari la gia nne lilikuwa na 3.364 na la otomatiki 3.545. Uingereza lilikuja na gia tano na difu ya 3.90. Mwanzoni nilidhani ni vurugu tu za kiwandani. Kisha nikachukua kikokotoo. Gia ya nne inapitisha moja kwa moja, 1.00, kwa hiyo Mmarekani katika gia yake ya juu alikuwa na 3.364. Gia ya tano ni karibu 0.86. Zidisha kwa 3.90 upate 3.35. Ni kitu kilekile! Barabara kuu injini inazunguka sawa, lakini mwenye 3.90 ana gia moja zaidi ya kuchagua anapopanda mlima. Wahandisi hawakubahatisha. Difu na giaboksi ziliandikwa pamoja, na ukibadilisha moja peke yake umeharibu hesabu.

Kingine kilichonifurahisha (wenzangu wa darasa la hesabu mtanielewa): mbona hakuna 4.00? Meno yanayotumika ni 37 kwa 11, 39 kwa 11, 39 kwa 10, 37 kwa 9. Hakuna jozi yenye kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Ingekuwa 40 kwa 10, kila jino la pinioni lingekutana na meno yaleyale manne ya krauni maisha yake yote, na jino lenye kasoro lingekula hayo manne. Kwa 39 na 10, kila jino hukutana na kila jino, na uchakavu unagawanyika.

Tukarudi kwenye difu ya mzee. Tuliiweka juu ya meza, tukaushika upande mmoja usizunguke, kisha tukazungusha pinioni huku tukihesabu. Upande ulio huru ukizunguka mara 2, krauni imezunguka mara 1. Wengi huishia hapo, lakini kutofautisha 3.36 na 3.54 kwa macho ni kujidanganya. Fanya mizunguko 20. Pinioni inapaswa kufika 39. (Kama ni difu ya kufunga, pande zote zitazunguka pamoja, basi hesabu 10.)

Tulipata 35 na nusu. Tukarudia. 35 na nusu. Yaani 3.545, ile ya otomatiki.

Mzee alinyamaza. Ingefungwa hivyo, gia ya tano ingekuwa 3.05, na kule Mai Mahiu angepanda akiwa amerudi gia ya tatu. Kibaya zaidi, spidomita inaendeshwa kutoka giaboksi. Iliyopangwa kwa 3.90 ingeonyesha 100 huku gari likienda 110. Mweleze hayo askari mwenye kamera.

Mwenye duka alibisha kidogo, halafu akatoa nyingine. Safari hii tulihesabu palepale kwenye kaunta, wateja wakitushangaa, mzee mwenyewe akitaja namba kwa sauti mpaka 39.