Carter, Ghuba na Bandari ya Mombasa

Januari 23, 1980, Rais Jimmy Carter alisimama mbele ya Bunge la Marekani akatoa onyo: nguvu yoyote ya nje ikijaribu kuitawala Ghuba ya Uajemi, Marekani itaizuia kwa kila njia, hata kwa jeshi. Mwezi mmoja kabla, Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan. Huko Iran, Shah, aliyekuwa mlinzi wa Washington katika Ghuba, alishapinduliwa.

Sasa, onyo bila bandari ni maneno tu. Manowari zinahitaji pa kutia nanga, maji na mafuta. Ndiyo maana mwaka huohuo Marekani ikaafikiana na Oman, Somalia na Kenya itumie bandari na viwanja vyao vya ndege, Mombasa na Berbera zikiwemo. Diego Garcia ilishakuwa tayari. Wenyeji wake walikuwa wamehamishwa wote kufikia 1973.

Mwaka 1987, Iran na Iraq zikiwa vitani, meli 11 za mafuta za Kuwait zilipandishwa bendera ya Marekani ili zisindikizwe. Safari ya kwanza tu, Bridgeton ikagonga bomu la baharini. Cha ajabu, manowari zikaenda kujipanga nyuma yake, maana meli ile kubwa ilihimili mabomu kuliko walinzi wake!

Julai 3, 1988, manowari Vincennes iliitungua ndege ya abiria ya Iran iliyokuwa ikienda Dubai. Walikufa watu 290.

Basi msomaji, tukihesabu gharama ya mafuta, tusiishie kwenye mapipa.