Tangawizi: Jina Lake na Safari Yake

Katika shule nyingi watoto hufundishwa kwamba viungo vyote vya pwani vililetwa na Waarabu. Kwa baadhi yake majina yenyewe yashuhudia: karafuu ni qaranful, mdalasini ni darsini, bizari ni abzar. Walakini tangawizi kwa Kiarabu ni zanjabil, wala hakuna sikio litakaloyasikia majina haya mawili kuwa ni moja. Hatusemi kwamba Waarabu hawakuiuza. Waliiuza sana, na Kurani yaitaja katika Sura ya 76 kuwa mchanganyiko wa kinywaji cha peponi. Twasema tu ya kuwa neno lisipokubaliana na masimulizi, yafaa masimulizi yapimwe tena.

Kwanza tuutazame mmea wenyewe. Tangawizi haijulikani kumea mwituni mahali popote, tena ni nadra kuzaa mbegu. Kile tukiitacho mzizi ni shina lilalalo chini ya udongo; mkulima huvunja kipande chenye jicho akakifukia. Basi ndege hawezi kuieneza kwa mbegu, wala upepo. Kila ilipo, mtu aliibeba ikiwa hai. Wataalamu wa mimea husema ya kuwa ilianza kulimwa kusini-mashariki ya Asia, na mabaharia wa visiwa vile waliichukua katika vyombo vyao.

Jina nalo lilisafiri. Wahindi wa kale katika Kisanskriti waliiita shringavera, wakalieleza kuwa latokana na neno la pembe, kwa sababu ya umbo lake. Lakini wanachuoni wengi wa lugha waona humo maneno ya kusini ya Bara Hindi, inji na ver, yaani tangawizi na mzizi. Wayunani walisema zingiberis. Dioscorides, tabibu wa karne ya kwanza, aliandika kwamba yatia joto na kusaidia chakula kusagika tumboni. Naye Pliny, aliyekufa mwaka 79, aliwasahihisha waliodhani ni mizizi ya mpilipili. Wako pia wanaosema kwamba Zanzibar ilipata jina lake kwa zanjabil. Masimulizi hayo yapendeza, lakini si kweli: jina hilo ni la Kiajemi, Zangbar, yaani pwani ya watu weusi.

Ushahidi wa pwani yetu ulio bora twaupata kwa Ibn Battuta, msafiri wa Tangier. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, akaandikiwa karamu ambayo hakuisahau: wali uliopikwa kwa samli, ndizi zilizopikwa katika maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na malimau ya achari, pilipili, maembe na tangawizi mbichi. Hakusema ilipandwa wapi. Lakini mahali pengine, akieleza merikebu za Kichina alizoziona Calicut, asema mabaharia walipanda mboga na tangawizi katika madishi ya mbao humo melini. Hivyo ndivyo mmea usio na mbegu uwezavyo kuvuka bahari.

Jikoni hapana haja ya kuwafundisha akina mama. Huiponda katika kinu pamoja na kitunguu saumu kwa pilau na mchuzi, na wauza kahawa wa mitaa ya pwani huichemsha katika mabirika yao. Jambo moja tu tulieleze, maana limewaaibisha wengi mbele ya wageni. Tangawizi mbichi ina kitu kinacholainisha nyama, na kitu hicho hicho hukatisha maziwa. Basi ichemshwe vizuri katika maji kwanza, ndipo maziwa yatiwe. Tena, ile kavu ni kali kuliko mbichi, kwa sababu ikikauka ukali wake hugeuka kuwa kitu kingine, ambacho Wajapani walikiita shogaoli kwa jina lao la tangawizi, shoga. (Msomaji asicheke.)

Kuhusu dawa, wazee hawakukosea sana. Majaribio ya waganga wa siku hizi yameonyesha kwamba hupunguza kichefuchefu cha wajawazito, ingawa kutapika kwenyewe haikuzuii sana. Atumiaye dawa za kuzuia damu isigande amwulize daktari kabla ya kuinywa kwa wingi. Lakini malaria haiiponyi hata kidogo. Tulikuwa na mwanafunzi aliyenyweshwa tangawizi siku tatu kwa homa. Alipofikishwa hospitali hakuweza kusimama. Alipona kwa dawa za malaria, nazo zilimchafua tumbo. Bibi yake alimchemshia tena ile chai, na safari hii ilimfaa.